Imogene: barabara ya theluji iliyowekewa bunduki

Haya wasomaji wangu, leo tupande mlima. Siku hizi nina ulevi mmoja: video za makatapila yanayozibua barabara za milimani kule Colorado, Marekani, kila majira ya kuchipua yanapoelekea ukingoni. Katapila linakata theluji taratibu na kuacha kuta mbili nyeupe, ndefu kupita gari, katikati uchochoro wa kutosha jeep moja. Nyuma wenye magari ya fowili wanasubiri kama watoto wanaosubiri Idi.

Njia inayonivutia zaidi ni Imogene, kati ya miji ya Ouray na Telluride. Kilele chake kina mita 3,997. Kwa mliopanda Kilimanjaro, hapo mmeshaipita kambi ya Horombo. Urefu wake ni kama kilomita 28 tu, lakini mara nyingi haifunguliwi mpaka mwisho wa Juni au Julai. Dereva mwenye akili huondoka asubuhi, jua halijalainisha theluji. Anapunguza upepo kwenye matairi, anaingiza gia nzito na kumpisha anayepanda.

Sasa mimi na udadisi wangu wa kazi: nani alichonga barabara huko juu, na alikuwa anafuata nini?

Madini, nini tena. Wenyewe wa milima ile walikuwa Waute. Kwa Mkataba wa Brunot wa 1873 waliiachia milima ya San Juan, na mwaka 1881 wengi wao wakahamishiwa Utah kwa nguvu. Chifu wao, Ouray, alifariki 1880. Watu wakaondolewa, mji ukabaki na jina lake. Sina la kuongeza.

Mwaka 1896 Thomas Walsh, mhamiaji kutoka Ireland, aligundua dhahabu katika mawe ambayo wengine waliyaona takataka. Mgodi wake wa Camp Bird aliuuza 1902 kwa zaidi ya dola milioni 5. Binti yake, Evalyn, ndiye aliyekuja kuimiliki ile almasi maarufu ya Hope. Na wachimbaji je?

Hapo ndipo penye kisa. Wachimbaji walidai siku ya kazi iwe saa nane. Mwaka 1902 wapiga kura wa Colorado walikubali katiba yao ibadilishwe ili sheria hiyo itungwe. Bunge la jimbo likapiga chenga, sheria haikutungwa. Septemba 1903 wafanyakazi wa vinu vya Telluride wakagoma. Gavana James Peabody akapeleka askari wa jimbo, na Januari 1904 ikatangazwa sheria ya kijeshi. Wanachama wa chama cha wafanyakazi wakapakiwa kwenye treni na kutupwa nje ya wilaya. Kiongozi mmoja wa askari hao, Bulkeley Wells, alikuwa pia meneja wa mgodi wa Smuggler-Union. Yaani bosi wako ndiye kamanda wako! Ukitaka kulalamika, umwendee nani?

Waliofukuzwa wangeweza kurudi kwa mlango wa nyuma, kupitia Imogene. Basi askari wakajenga ngome ndogo ya mawe na mbao pale juu, wakaipa jina la gavana: Fort Peabody. Fikiria kulinda lindo la bunduki karibu mita 4,000 kwenye baridi ile, kazi yenyewe ni kumzuia mtu asirudi nyumbani kwake.

Mgomo ulifutwa Novemba 1904, baada ya wenye migodi kukubali zile saa nane. Chama chenyewe kilikuwa kimeshavunjwa nguvu.

Migodi ilipofifia barabara nayo ikachakaa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jeep zikaanza kuuzwa kwa raia, na njia za punda na mikokoteni zikawa njia za starehe. Leo ni magari hayo yanayolisubiri katapila. Wakifika kileleni wanapiga picha kwenye kibao chenye kimo cha mlima. Mawe ya ngome yapo juu kidogo ya hapo, mwendo mfupi kwa miguu.