Baraza Mbili na Herufi S

Mjomba wangu alikuwa fundi wa maandishi Temeke. Saluni, bucha, duka la vipuri, mgahawa wa mama ntilie, yote hayo aliyaandika yeye kwa mkono, kwa rangi ya mafuta na brashi tatu ambazo hakumruhusu mtu kuzigusa. Kwenye bucha moja alichora ng'ombe anayecheka. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza ng'ombe huyo anacheka nini wakati anakwenda kuchinjwa. Akanijibu kwamba alinakili kutoka kwenye kopo la maziwa, na ng'ombe wa kwenye kopo alikuwa anacheka, basi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuchora. Nilifuatisha herufi zake kwa penseli nyuma ya madaftari yaliyokwisha, nikamfuatisha ng'ombe, nikafuatisha vichwa vya wanaume wenye mitindo ya nywele ambayo hakuna mtu Temeke aliyenyoa hivyo. Sikujua kwamba kuna watu wanaoona aibu kufuatisha. Hilo nililijua sekondari, pale mwalimu wetu wa sanaa aliposhika karatasi yangu mbele ya darasa na kusema huyu hajachora, huyu ameiba. Akatusimulia habari za Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, ambaye alikuwa na msemo wake mmoja maarufu: kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Mwalimu aliuandika ubaoni kwa herufi kubwa. Nami, kwa mazoea, nikaunakili kwenye daftari.

Kwa miaka kadhaa nilimchukia Njau bila hata kuona picha yake moja. Kusema kweli nilimwonea. Sasa niko mwaka wa tatu chuoni, nasoma fasihi na nimechukua masomo ya uchoraji pembeni, na nimelazimika kurudi nyuma kujua msemo ule ulitoka wapi. Ulitoka barazani.

Mwaka 1937, Kampala, mama mmoja Mwingereza aitwaye Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji kwenye baraza ya nyumba yake. Mumewe, Hugh, alikuwa daktari Mulago. Margaret mwenyewe alikuwa amesoma sanaa London, katika shule ya Slade, kisha akasomea ualimu. Chuo cha Makerere hakikuwa na somo la sanaa wakati ule, na si wengi walioona sababu ya kuwa nalo. Lakini wanafunzi wa baraza ile walifanya kazi ya kutosha kiasi kwamba mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London, katika Imperial Institute. Baadaye darasa la barazani likawa shule kamili ya sanaa ya Makerere, na mpaka leo shule hiyo ina jina la Trowell.

Jambo lililonivutia zaidi ni namna alivyofundisha. Hakuwaonyesha wanafunzi picha za Ulaya wazifuatishe. Aliwasomea kisa au kuwaeleza tukio kwa maneno, labda soko, labda mazishi, labda habari ya Biblia, nao wakae waione picha vichwani mwao kwanza, kisha ndiyo wachore. Aliogopa kwamba akiwafundisha mbinu za Kizungu atawaharibu. Hofu hiyo ina mambo mawili ndani yake. Upande mmoja ni heshima: aliamini vichwani mwa vijana wale mna kitu ambacho yeye hana. Upande wa pili, jamani, nani alimpa kazi ya kuamua Mwafrika halisi anachora vipi? Kijana aliyetaka kujifunza jinsi ya kuchora barabara inayoingia mbali, na nyumba zinazopungua ukubwa, angeambiwa nini? Kwamba hiyo si yako?

Mwaka jana mhadhiri wetu mmoja alitujaribia mbinu hiyohiyo. Alizima feni ili tusikie vizuri, akatuambia tufumbe macho, akatusomea aya moja kuhusu kijiji jioni. Tukachora. Tulikuwa watu kumi na wanne. Alipobandika karatasi ukutani, darasa zima lilicheka, halafu likanyamaza. Karatasi kumi na moja zilikuwa na kitu kilekile: jua linalozama katikati ya milima miwili, mnazi umeinama kulia, kibanda cha nyasi, mwanamke na mtungi kichwani. Wengi wetu tumekulia mjini. Mtungi kichwani nimeuona mara nyingi zaidi kwenye kalenda kuliko kwenye kichwa cha mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kuutilia shaka ule msemo wa ubaoni. Tulikuwa tumefumba macho, hakuna aliyechungulia kwa mwenzake, na bado tulinakili. Tulinakili kalenda, majalada ya madaftari, kanga na vitambaa vya meza vya nyumbani. Kichwa si chumba kitupu ambamo mtu anakuta mali yake mwenyewe. Kimejaa vitu vya watu.

Lakini hebu tumtazame mwanafunzi mmoja wa shule ile ya Trowell, maana yeye anavuruga hoja yangu. Sam Ntiro alizaliwa mwaka 1923, mtu wa Kilimanjaro. Alisoma Makerere, akabaki kufundisha hapohapo, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 akapelekwa Slade, shule aliyosoma mwalimu wake. Mtu angetarajia arudi akichora kama mtu wa Slade. Hakurudi hivyo. Aliendelea kuchora migomba, wanaume wakilima, wanawake sokoni, watu wadogowadogo wengi ambao nyuso zao hazina macho wala midomo ya kueleweka, wote wamezama katika kijani na kahawia ya Uchaggani. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na Museum of Modern Art ya New York. Mwaka uliofuata nchi ikapata uhuru, na Ntiro akawa balozi wetu London. Nadhani ni wachoraji wachache duniani waliorudi kama mabalozi kwenye mji waliokuwa wanafunzi.

Mara ya kwanza kuona nakala ya picha ya Ntiro kitabuni, nilifungua ukurasa mwingine haraka. Niliona kama kazi ya mtoto. Nyuso ziko wapi? Mjomba wangu angelipwa nusu kwa kichwa kisicho na macho. Ilinichukua muda mrefu kukaa mbele ya ukurasa ule mpaka nikaona kwamba sikupaswa kumtafuta mtu mmoja mmoja. Kinachosogea katika picha zile ni kundi. Migongo imeinama kwa pembe moja, mikono inakwenda pamoja, na migomba nayo imeinama vilevile. Ukimpa mmoja wao uso, kazi yote inasimama, kwa sababu utaanza kumtazama yeye. Sikufundishwa hilo na mtu. Nililiona nilipojaribu kuifuatisha picha kwa penseli, nikamwekea mtu mmoja macho, na picha ikafa hapohapo. Ndiyo, niliinakili. Samahani kwa mzee Njau.

Na Njau mwenyewe? Naye alipita Makerere, miaka ya 1950. Mwishoni mwa miaka hiyo alichora picha kubwa za ukutani katika kanisa la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu yakitokea katika mandhari ya Wakikuyu. Mwaka 1965, pamoja na wenzake akiwamo mshairi Jonathan Kariara, alianzisha Nairobi jumba la sanaa la Paa ya Paa. (Wasomaji wa humu wanaopenda sarufi watagombana kidogo na jina hilo. Paa ni mnyama, anapaa. Mimi mara ya kwanza nilifikiri ni paa la nyumba lililokosewa upatanisho.) Wapenzi wa riwaya wanamjua pia Rebeka Njau, aliyeandika Ripples in the Pool, alikuwa mkewe Elimo. Jumba lile liliungua mwaka 1997 na kazi nyingi zikateketea. Nikifikiria moto ule, msemo wake unanisikitisha kwa namna nyingine: picha isiyonakiliwa ikiungua, imekwisha.

Sasa tuhamie baraza ya pili, ya hapahapa Dar es Salaam.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932, mwaka uleule wa Njau, upande wa Tunduru. Hakupita Makerere. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar, akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu, akafanya kazi nyinginezo. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Inasimuliwa kwamba alichochewa na picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa mjini. Akaziangalia akaona hata yeye anaweza. Alitumia vipande vya mraba vya silingibodi, hizi za kupigia dari, na rangi ya kung'aa ya kupaka baiskeli. Picha ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni waliokaa maeneo yale. Soko lilipokua akawaita ndugu na watu wa kwao kusini, akawafundisha nyumbani: Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Simon Mpata na wengine wachache. Mwaka 1972 polisi walilipiga risasi gari alimokuwamo wakidhani ni la wezi. Alikuwa na miaka arobaini. Alichora miaka minne tu.

Miaka minne! Kila mtu duniani anayetamka jina lake leo anataja kazi ambayo sehemu kubwa yake si yake. Wanafunzi wale waliendelea, wakafundisha wengine, wengine wakafundisha watoto wao, wakaunda ushirika. Na njia ya kufundishana ilikuwa kunakili. Huketi ukaambiwa fumba macho. Unaketi karibu na fundi, unapaka usuli, unasubiri ukauke, unajaza umbo alilochora yeye, unasubiri tena. Baada ya miezi unaruhusiwa kuchora ndege.

Likizo iliyopita niliomba kukaa na fundi mmoja wa aina hiyo kwa wiki sita. Sikulipwa, sikulipa, nilinunua chai. Wiki ya kwanza niliharibu bodi tatu kwa sababu moja: haraka. Rangi ya mafuta haibembelezwi. Ukiweka nyeusi juu ya njano ambayo haijakauka unapata matope, na matope hayafutiki. Fundi hakunigombeza, alinipa bodi nyingine na kusema, "Rangi inakufundisha yenyewe, mimi nipo tu." Wiki ya nne nilijua mambo ambayo chuoni sikuyapata kwa miaka miwili: uzito wa rangi kwenye ncha ya brashi, jinsi mstari unavyovutwa kwa pumzi moja, na kwamba doa la chui si doti, lina mdomo.

Siku moja nilimwonyesha kwenye simu picha ya Tingatinga mwenyewe, ya kama mwaka 1970. Mnyama mmoja, usuli mtupu, basi. Picha zetu barazani pale zilikuwa na twiga, pundamilia, ndege, Kilimanjaro na maua, kila inchi imejazwa. Nikamuuliza kwa nini hatuachi nafasi kama mwanzilishi. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akasema mteja akiona sehemu tupu anaomba apunguziwe bei.

Sina jibu kwa hilo. Chuoni wapo wanaodharau kazi hizi na kuziita sanaa ya watalii, nami niliwahi kuandika insha ya kurasa nane nikisema hivyo na nikapata alama nzuri. Leo nisingeiandika. Hata hivyo nisingesema pia kwamba kila kitu kiko sawa, maana niliwaona barazani vijana wenye mkono mzuri kunishinda ambao kwa miaka wanachora twiga yuleyule, na ukiwauliza wangependa kuchora nini wanacheka kama umewauliza swali la kitoto. Kunakili kuliwapa mkono. Soko ndilo lililowaambia waishie hapo. Msemo wa Njau haukutenganisha mambo haya mawili, na mwalimu wangu wa sekondari naye hakuyatenganisha.

Mjomba hana kazi siku hizi. Mabango ya plastiki yanachapishwa kwa saa moja, herufi zimenyooka, na picha ya mwenye saluni inatoka kama ilivyo. Mkono wake wa kulia nao umeanza kutetemeka. Mwezi uliopita mwenye bucha, mzee mwenzake, alitaka ng'ombe wake apakwe upya kwa sababu amefifia, na hakutaka plastiki. Mjomba akaniita. Alikaa kwenye kiti cha plastiki barabarani, akanikabidhi brashi zake zote tatu bila kusema lolote, mimi nikapanda ngazi.

Ng'ombe nilimmaliza. Nilifuata kila mstari wake, isipokuwa jicho, ambalo nililifungua kidogo zaidi. Mjomba aliliona mara moja.

"Mjomba, huyo ng'ombe sasa anajua," akasema.

Nikauliza nilirudishe lilivyokuwa. Akatikisa kichwa, akaniambia nishughulikie maandishi, BUCHA YA SAFARI, kwa sababu S yangu imelala kifudifudi. Nimeirudia mara nne. Jumamosi narudi tena na petroli ya kufutia.