Wimbi, Mahindi na Uvimbe wa Shangazi

Karatasi yenyewe bado ninayo. Imekunjwa mara nne, ina doa la mafuta kwenye kona, na iliandikwa kwa kalamu ya bluu na mwanamume mmoja anayeuza miti shamba karibu na stage hapa Eldoret. Upande wa kushoto ni vitu ambavyo shangazi yangu hakufaa kugusa tena: sukari, nyama, maziwa ya dukani, ngano, unga wa grade one. Upande wa kulia ni vya kumponya: juisi ya bitiruti kila asubuhi, majani ya mstafeli yaliyosagwa, uji wa wimbi bila sukari, managu. Chini kabisa kuna sentensi moja iliyopigiwa mstari mara mbili. "Wazee wetu hawakuwa na kansa."

Shangazi alikuwa ameguswa na uvimbe kwenye titi la kushoto mwezi wa pili. Hakuambia mtu. Akafuata karatasi miezi mitano. Uvimbe ulipofika ukubwa wa limau ndipo alinipigia simu, na hata hapo hakusema twende hospitali. Aliniuliza, "Wewe si ulisomea historia? Ni ukweli wazee hawakuwa nayo?"

Nilisomea historia mpaka mwaka wa tatu, kisha fees ikakataa kulipika nikarudi nyumbani. Mtu kama mimi huulizwa mambo ya historia kwa matanga tu, kutaja nani alizaa nani. Hili lilikuwa swali la kwanza ambalo jibu lake lingeweza kumweka mtu hai. Kwa hivyo nilimpeleka hospitali kwanza. Jibu nimelitafuta baadaye.

Tuanze na chakula, kwa sababu hapo yule muuza dawa hakudanganya sana. Kogo, nyanyangu, anakaribia miaka 90 na anaishi upande wa Nandi. Utotoni mwake kimnyet, yaani ugali, ilikuwa ya wimbi. Mboga ilikuwa saga na managu, wakati mwingine zikilazwa kwa maziwa usiku kucha ili uchungu upungue. Nyama ilikuwa ya siku maalum. Mahindi yalikuwepo, Wareno waliyaleta Pwani kuanzia karne ya 16 na yakapanda bara polepole. Lakini huku juu hayakuwa ndiyo chakula.

Jinsi yalivyokuja kuwa ndiyo chakula ni hadithi ya ardhi. Oktoba 1905 Waingereza walimuua Koitalel arap Samoei na Wanandi wakasukumwa kwenye rizavu. Mwaka 1908 Makaburu wa msafara wa van Rensburg wakapanda nyanda za Uasin Gishu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Miaka miwili baadaye posta ikafunguliwa kwenye shamba namba 64, na ndiyo maana wazee bado wanaita huu mji Sisibo na vijana tunauita Sixty-four. Reli ikafika 1924. Watu waliofanya kazi kwenye mashamba hayo walipimiwa posho, na posho ilikuwa unga wa mahindi. Neno lenyewe limebaki midomoni mwetu: mpaka leo tunaenda posho mill, na sidhani wengi wetu huwaza kwamba tunataja mgao wa kibarua.

Pigo la mwisho kwa wimbi lilitoka Kitale, kilomita kama 70 kutoka hapa. Mwaka 1964 watafiti wa huko walitoa mbegu chotara ya mahindi, H611, na kwa miaka michache tu ikawa kwenye mashamba madogo kila mahali. Hapa ningependa kulia kuhusu ukoloni, lakini Kogo hanipi nafasi. Anasema palizi ya wimbi ilimvunja mgongo. Unapalilia kwa mkono, magugu yanafanana na mmea wenyewe, kisha watoto wanashinda shambani wakifukuza ndege, kisha unasaga kwa jiwe. Mahindi yalipokuja na mashine ya kusaga, alishukuru. Mimi nikimweleza habari za faiba ananiangalia kama mtu ambaye hajawahi kushika jembe, na ni kweli sijawahi vile.

Unga wa grade one ulikuja baadaye, mweupe, laini, ndani ya pakiti. Kuupata huo weupe lazima utoe ganda na kiini cha mahindi. Pumba hizo huuzwa kuwa chakula cha mifugo. Ukitaka kujua faiba yetu ilienda wapi, waulize ng'ombe wa Uasin Gishu.

Sasa, ile sentensi iliyopigiwa mstari. Nilidhani ni maneno ya vijiweni tu. Kumbe ina ukoo, na sehemu kubwa ya ukoo huo ni ya hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 1946 alifika Uganda daktari mpasuaji mzaliwa wa Ireland, Denis Burkitt. Alikuwa na jicho moja. Lingine alilipoteza akiwa mtoto. Mwaka 1958 aliandika kuhusu saratani ya taya iliyokuwa ikiua watoto, ile ambayo sasa ina jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili waliendesha gari kuukuu kama kilomita 16,000, kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: mnauona huu ugonjwa huku? Rafiki yake mkubwa baadaye alikuwa Hugh Trowell, daktari aliyeingia Kenya 1929 kisha akahamia Uganda, na aliyefanya kazi huku karibu miaka 30. Trowell alikuwa ameandika orodha ya magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza lakini aliyaona mara chache sana kwa Waafrika aliowatibu.

Waliporudi kwao wakaunganisha hayo mambo. Burkitt alifika mahali pa kulinganisha choo cha wanavijiji wa Uganda na cha mabaharia wa jeshi la Uingereza. Ndiyo, walipima kwa mizani. Mganda alitoa zaidi ya mara nne ya baharia, na chakula kilipita tumboni mwake kwa chini ya nusu ya muda. Mwaka 1975 Burkitt na Trowell wakachapisha kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na maradhi, na faiba ikaanza kuwa neno la mezani duniani. Hoja yao kuu ilikuwa utumbo. Lakini muda si muda kila saratani ya mijini, ya matiti ikiwemo, ilikuwa imewekwa kwenye kapu moja lililoitwa magonjwa ya Magharibi. Ugali wa Kogo ukawa sayansi, sayansi ikawa vitabu vya afya, vitabu vikawa video fupi za simu, na mwishowe ikaandikwa kwa kalamu ya bluu kando ya stage.

Tatizo ni hili: daktari wa hospitali anamwona anayekuja hospitali. Mama aliyekuwa na kidonda cha titi mwaka 1940, siku mbili kwa miguu kutoka Mulago, hakuwa kwenye orodha ya mtu. Na mahali ambapo watu walihesabiwa vizuri kidogo, hesabu haikuwa sufuri. Kampala ina rejista ya saratani tangu 1951. Mwaka 1961 ilikuwa inaona wagonjwa wapya kama 11 wa saratani ya matiti kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka. Kufikia 1995 walikuwa kama 22. Ukiisoma haraka utaona imeongezeka maradufu, na hiyo ni kweli. Lakini rudi kwa ile 11. Hao ni wanawake wa matoke na wimbi na mboga za kienyeji, na walikuwa nayo.

Nilienda kumuuliza Kogo. Je, zamani alijua mtu mwenye kansa? Hapana, akasema, hiyo ni yenu. Nikanywa chai. Kisha nikauliza tofauti: kuna mwanamke yeyote aliyewahi kuwa na kidonda cha titi kisichopona?

Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani hajaskia. Halafu akasema kulikuwa na mke mwenza wa mamake. Alijengewa kibanda pembeni kwa sababu ya harufu. Watoto walikatazwa kwenda huko. Watu walisema amelogwa, wengine wakasema amevunja mwiko fulani. Kogo alikuwa akitumwa na maziwa, anaweka kibuyu mlangoni, anakimbia. Siku moja kibuyu cha jana alikikuta kimejaa. "Lakini hiyo haikuwa kansa," akaniambia, "hiyo ilikuwa kidonda."

Sikuwa na la kumjibu. Na shangazi, binti yake mwenyewe, hakuwahi kuskia hiyo stori.

Kuna kitu kingine ambacho karatasi haikuwa nacho, na huenda ndicho kikubwa kuliko wimbi. Kogo alizaa watoto tisa na kunyonyesha kila mmoja karibu miaka miwili. Mwaka 2002 watafiti walikusanya takwimu za tafiti 47 kutoka nchi 30 wakakuta kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3, na kila uzazi kwa asilimia 7 juu ya hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa watoto wanane kwa wastani. Kufikia 2022 ni watatu na kitu. Shangazi ana wawili, na alirudi dukani yule wa pili akiwa na miezi mitatu kwa sababu duka halingejifungua lenyewe. Sisi hupenda kusema Kogo alilindwa na alichokula. Labda alilindwa zaidi na watoto aliowabeba na jembe aliloinamia, na sioni foleni ya wanawake wa Sixty-four wanaotaka kurudi huko. Kogo mwenyewe hataki.

Je, chakula basi hakina kazi? Kina, ila kazi yake ni ndogo kuliko uvumi. Marekani kuanzia 1993 waliwapanga wanawake 48,835 waliopita miaka 50, kundi moja wale mafuta kidogo, mboga, matunda na nafaka zaidi. Baada ya miaka kama minane waliopata saratani ya matiti katika kundi hilo walikuwa wachache kidogo, lakini tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeweza kuwa bahati. Ufuatiliaji wa miaka mingi baadaye uliwapa moyo kiasi: vifo kutokana na ugonjwa huo vilipungua kwenye kundi la mboga. Uzito wa mwili baada ya hedhi kukoma unaongeza hatari, na ugali wa wimbi na saga utakusaidia hapo kuliko chipo za kila jioni. Lakini hakuna mahali popote nilipokuta majani ya mstafeli yakiyeyusha uvimbe ulioshikika kwa mkono.

Na pombe. Karatasi ya yule mwanamume iliharamisha maziwa, na haikutaja pombe hata mara moja. Shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema mwaka 2007 kwamba ushahidi umetosha: pombe inasababisha saratani ya matiti, na hatari inapanda kadiri unavyokunywa. Nikitaja hii kwa marafiki Ijumaa usiku mtu hubadilisha muziki. Tunaogopa sukari kwa chai, halafu tunaagiza raundi nyingine.

Wala vya kienyeji si malaika. Mursik, ambayo hapa tunawapa wanariadha wakishuka uwanja wa ndege, ilipimwa na watafiti kwa sababu magharibi mwa Kenya kuna saratani nyingi ya umio. Matokeo yalitoka 2013: baadhi ya sampuli zilikuwa na pombe na kemikali ya asetaldehidi kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Umio si titi, na shaka si hukumu. Mimi bado nainywa nikienda kwa Kogo, kwa sababu ukikataa utaeleza mpaka jioni. Lakini mtu akiniambia kila kilichotoka kwenye kibuyu ni dawa, ninakumbuka hiyo.

Kinachoniuma ni kile karatasi ilifanya kichwani mwa shangazi. Mwaka 2020 pekee Kenya ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya karibu 6,800 wa saratani ya matiti. Sijui wangapi walikaa nyumbani kwanza wakijiuliza walikula nini. Yeye aliniambia kwenye benchi ya kliniki, tukisubiri kuitwa, kwamba alificha kwa aibu. Aliona kama amejiletea, kwa soda na mandazi za dukani, na kwamba akijirekebisha kabla ya watu kujua, itaondoka. Miezi mitano ya kujirekebisha. Daktari hakumgombeza. Aliuliza tu uvimbe ulionekana lini, akaandika, akanyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Alifanyiwa upasuaji, titi likaondolewa, na sasa amemaliza dawa za dripu. Nywele zimerudi, fupi na laini kuliko mwanzo. Nyuma ya nyumba yake kule Langas ana magunia sita ya udongo yenye saga na managu. Unga anasagisha posho mill, mahindi bila kukobolewa, amechanganya na wimbi kidogo. Anasema dawa zilimharibia ladha na ugali mweupe sasa unaonja kama karatasi.

Juzi nilimpata akichambua saga kwenye sinia. Nilikuwa nimemweleza haya yote, pamoja na kile kibanda cha pembeni. Hilo la kibanda alinifanya nilirudie.

"Huyo mama aliitwa nani?" akauliza.

Nikamwambia Kogo hakumbuki, ama hataki kusema.

Akaendelea kuchambua. "Uliza tena," akasema. "Jumapili ukienda, uliza tena."