Maji ya samaki wa Tanganyika: namna ya kuyachanganya mbali na ziwa

Samaki mdogo aliyevuliwa kwenye mawe ya ziwa pale Kalemie anaweza kufika Bendera mzima, ndani ya bidoni, halafu akafa siku ile ile akitiwa kwenye maji masafi ya mto. Watu husema amechoka, barabara imemtikisa. Mara nyingi kosa si la barabara, ni la maji. Maji yanayoshuka mlimani na maji ya ziwa yanafanana kwa macho, na hata mdomoni tofauti haionekani sana. Kwa samaki tofauti hiyo ni kubwa kabisa.

Kuna wenye kusikia kwamba Tanganyika ina chumvi, basi wanachukua chumvi ya jikoni na kumwaga. Hapo wanaongeza kosa la pili. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Lita moja ya maji ya Tanganyika ina madini yasiyozidi gramu moja, kama gramu 0.6 tu. Na madini hayo si chumvi ya sombe. Sehemu kubwa ni bikarbonati, pamoja na sodiamu, magnesi, potasi na kalisi kidogo. Ndiyo maana maji ya ziwa yana ukali wa aina ya magadi: kipimo chake cha pH kiko kati ya 8.6 na 9.2 kwa juu, wakati maji ya mvua yako chini ya 7.

Sababu yake iko kwenye ramani. Mto Ruzizi unaleta maji ya ziwa Kivu, ambayo yamepita kwenye mawe ya volkano na kubeba madini mengi. Upande wa kutoka kuna mlango mmoja tu, Lukuga, hapo hapo Kalemie, na hautoi maji mengi. Sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika inapotea kwa kukauka na jua, na jua likichukua maji linaacha madini. Ziwa ni la zamani sana, lina kina cha mita 1,470, na samaki wake wamezaliwa humo vizazi kwa vizazi bila kujua maji mengine. Zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi wako humo, na karibu zote hazipatikani pengine popote duniani.

Watu wa mbali wamelijua jambo hili kabla ya wengi wetu. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa Bujumbura, alituma samaki hai wa ziwa hili Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na samaki mmoja anaitwa kwa jina lake, Neolamprologus brichardi. Leo mtu wa Ujerumani anaweza kuwa na samaki anayeuzwa kwa jina la Moba, yule mwenye kibyongo kichwani na mistari ya buluu, ambaye wafugaji wanamwita frontosa. Mjerumani huyo hana ziwa. Kila wiki anatengeneza maji ya Tanganyika kwenye ndoo, nyumbani kwake. Kijana wa hapa anayetaka kufuga samaki, au anayeota kuwauza siku moja, hana budi kujua kazi hiyo hiyo.

Kwa mtu wa Bendera njia rahisi ni kuagiza maji yenyewe kutoka Kalemie, bidoni mbili au tatu, yakiwa yamechotwa mbali na mlango wa mto na mbali na bandari yenye mafuta. Lakini hapa kuna jambo la kuangalia sana. Kalemie inajua kipindupindu ni nini. Maji ya ziwa yanayomfaa samaki yanaweza kumuua mtoto akiyanywa. Bidoni ya samaki iandikwe kwa rangi isiyofutika, isikae jikoni, na isitumike tena kwa maji ya kunywa hata ikioshwa. Na aliyeshika maji ya samaki anawe mikono kwa sabuni, mbali na lile sanduku la kioo, maana sabuni nayo ni sumu kwa samaki.

Asiyepata maji ya ziwa anachanganya. Mchanganyo mmoja unaotumiwa sana na wafugaji, kwa bidoni ya lita 20 ya maji laini ya mto au ya mvua, ni huu: kijiko kimoja cha supu cha sulfati ya magnesi, ile inayouzwa farmasi kama dawa ya kulegeza tumbo, kijiko kimoja cha chai cha bikarbonati ya sodiamu, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya akwariamu ya baharini. Hiyo ya tatu huku haipatikani. Mahali pake mtu anaweza kuweka chini ya sanduku makombe ya konokono wa ziwa, yaliyochemshwa na kuoshwa vizuri. Yanatoa kalisi polepole. Vijiko vyote ni vya kusawazishwa, si vya kujaza mlima. Mchanganyo huu haulingani kabisa na ziwa, una sulfati nyingi kuliko Tanganyika yenyewe, ila samaki wengi wanauvumilia.

Bikarbonati isichanganywe na levire ya keki. Levire ina asidi na wanga ndani yake, na itaharibu maji. Magadi ya kupikia maharage nayo isipimwe kwa kijiko kile kile, kwa sababu ni kali zaidi na hakuna anayejua kimechanganyika na udongo gani.

Kazi yote inafanyika kwenye ndoo, peke yake, samaki wakiwa mbali. Kwanza maji, kisha dawa moja ikikorogwa mpaka iyeyuke, ndipo nyingine. Kumwaga unga juu ya samaki ni kuwachoma ngozi na matamvua. Ndoo iwe haijawahi kubeba dawa ya wadudu wala mafuta. Halafu maji yaachwe usiku mzima, yakipigwa hewa kwa pampu, au yakimwagwa kwa kikombe kutoka juu mara nyingi. Usiku huo una kazi: maji yakipata hewa pH inatulia, na kipimo cha asubuhi ndicho cha kuamini. Karatasi za kupimia pH zionyeshe kati ya 8.3 na 9. Joto liwe digri 24 mpaka 27, sawa na la maji waliyomo samaki.

Maji ya bomba au yaliyotiwa klori yana hatari yake. Klori inamwokoa mtu na kipindupindu, lakini inaunguza matamvua ya samaki. Maji hayo yakae wazi siku nzima au zaidi yakipigwa hewa, mpaka harufu iishe kabisa, kabla ya kutia madini.

Lakini kinachoua wengi, hata kwa wafugaji wazoefu, ni mkojo wa samaki wenyewe. Samaki wanatoa amonia. Katika maji ya pH 7 karibu amonia yote inakaa katika hali isiyo na madhara makubwa. Yenye sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 9, maji yakiwa na joto la digri 25, zaidi ya theluthi moja inageuka sumu. Ndiyo kusema kadiri mtu anavyofaulu kutengeneza maji yanayofanana na Tanganyika, ndivyo uchafu kidogo unavyokuwa hatari. Chakula kiwe kidogo, na samaki wawe wachache.

Jambo hilo hilo linaelezea vifo vya siku ya kufika. Ndani ya mfuko au bidoni iliyofungwa, pumzi ya samaki inashusha pH, na amonia ya safari inalala. Mtu anafungua, anamimina maji mapya ya pH 9 humo humo, anasubiri saa nzima ili samaki wazoee. Amonia inaamka, samaki wanaanza kuhema juu juu. Afadhali kulinganisha joto kwanza, mfuko ukiwa bado umefungwa na unaelea, halafu kufungua, kuwatoa samaki kwa wavu na kuwatia moja kwa moja kwenye maji yaliyoandaliwa. Maji ya safari yamwagwe nje.

Baadaye, kila wiki, sehemu ya tano ya maji inatolewa na kuwekwa mapya yaliyochanganywa kwa kipimo kile kile. Maji yakipungua kwa kukauka, kinachoongezwa ni maji matupu, bila madini, kwani madini yamebaki ndani. Anayeongeza mchanganyo kila mara atajikuta baada ya miezi michache na maji mazito kuliko ya ziwa lolote.

Wale wenye ndugu Mombasa au Ulaya wanaofuga samaki wa bahari, hesabu yao ni nyingine: bidoni ya lita 20 inakula karibu gramu 700 za chumvi maalumu, na chumvi ndiyo inayotiwa polepole ndani ya maji yanayozunguka. Wanaomwaga maji juu ya rundo la chumvi wanaona maji yanakuwa meupe kama ya muhogo. Kalisi imeganda, na haiyeyuki tena.

Umeme ukikatika, pampu inasimama, na maji ya moto yana hewa kidogo kuliko ya baridi. Sanduku lifunuliwe, samaki wasilishwe, na mtu achote maji kwa kikombe safi na kuyarudisha kutoka juu, dakika chache kila saa. Umeme ukirudi, mkono uwe mkavu kabla ya kugusa plagi, na waya uning'inie chini ya plagi ili tone la maji lianguke sakafuni, lisiingie ukutani.