Árpád Weisz, Mwalimu wa Kandanda

Wengi hudhani ya kuwa historia ya kandanda ni hesabu ya mabao na vikombe tu. Lakini wachezaji na walimu wao ni raia kama watu wengine, na sheria ya nchi ikiwa mbovu, sifa za uwanjani haziwezi kumkinga mtu. Jambo hili laonekana waziwazi katika maisha ya Árpád Weisz, mwana wa Hungaria, aliyekuwa mchezaji, kisha mwalimu wa timu mashuhuri za Italia.

Weisz alizaliwa tarehe 16 Aprili, 1896, katika mji mdogo wa Solt. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Katika Vita Kuu ya kwanza alipigana upande wa dola ya Austria na Hungaria, akatekwa na Waitalia, akawa mfungwa wao. Vita vilipokwisha aliurudia mpira, akicheza mbele upande wa kushoto. Mwaka 1924 alikuwamo katika kikosi cha Hungaria kilichokwenda Paris kwa michezo ya Olimpiki, ingawa hakupangwa kucheza. Hungaria ilisifiwa sana siku zile, lakini huko ilifungwa na Misri mabao matatu kwa sifuri. Baada ya hapo Weisz alikwenda Italia, nchi ile ile iliyomtia kifungoni, akachezea Alessandria na kisha Inter ya Milan. Lakini aliumia, na kwa umri wa miaka 30 hivi siku zake za kucheza zikawa zimekwisha.

Ndipo alipoanza kazi iliyompa jina. Walimu wengi wa zamani zile walisimama kando ya uwanja, wamevaa makoti na kofia, wakitoa amri. Weisz alivaa nguo za mchezo, akaingia uwanjani pamoja na wachezaji wake, akawafundisha kwa vitendo. Aliangalia chakula chao na mazoezi yao, tena aliwatafuta vijana wenye kipawa. Mwaka 1927 alimpanga Giuseppe Meazza, kijana wa miaka 17 aliyekuwa mwembamba wa mwili. Mchezaji mmoja mkubwa alidhihaki kwamba sasa timu yaokota watoto wadogo. Mtoto huyo alifunga mabao, na baadaye akawa bingwa wa dunia mara mbili pamoja na Italia, mwaka 1934 na mwaka 1938.

Mwaka 1930 timu ya Inter, iliyokuwa ikiitwa Ambrosiana wakati huo, ilishinda ligi ya Italia, na mwalimu wake alikuwa na miaka 34 tu. Mwaka huohuo Weisz alitoa kitabu juu ya mchezo wa kandanda, alichokiandika pamoja na Aldo Molinari. Mwaka 1935 akashika timu ya Bologna. Wakati huo Juventus ilikuwa ikielekea kutwaa ubingwa wa tano mfululizo. Bologna ikaukatiza utawala huo, ikawa bingwa mwaka 1936 na tena mwaka 1937. Mwaka 1937 vilevile, katika mashindano ya Paris, Bologna iliifunga Chelsea ya Uingereza mabao manne kwa moja. Ushindi huo ulikuwa mkubwa, kwa kuwa Waingereza ndio waliojihesabu kuwa wenye mchezo.

Basi, mtu huyu alilipwa nini? Mwezi wa Septemba, 1938, serikali ya Mussolini ilitoa sheria za kuwabagua Wayahudi. Watoto wao walifukuzwa katika shule za serikali. Wayahudi wa kigeni waliokuja Italia baada ya mwaka 1918 waliamriwa kuondoka katika muda wa miezi sita. Sheria haikuuliza Weisz amefanya kazi gani wala ameiletea nchi heshima gani. Iliuliza amezaliwa na nani. Mwezi wa Oktoba aliiacha timu yake. Mwalimu mwingine akashika mahali pake, mchezo ukaendelea, na Bologna ikawa bingwa tena mwaka 1939. Wahenga walisema: shukrani ya punda ni mateke.

Weisz, mkewe Elena, na watoto wao Roberto na Clara walikwenda Paris, kisha Dordrecht katika Uholanzi. Huko alifundisha timu ndogo ya DFC, naye akaifanya iweze kuifunga hata Feyenoord. Lakini mwezi wa Mei, 1940, majeshi ya Ujerumani yaliingia Uholanzi, na mwaka 1941 alikatazwa kufundisha. Mwezi wa Agosti, 1942, jamaa yote ilikamatwa. Elena na watoto, Roberto wa miaka 12 na Clara wa miaka 8, waliuawa Auschwitz mwezi wa Oktoba mwaka huo. Weisz alitengwa nao njiani, akatiwa katika kazi ya kulazimishwa. Alikufa Auschwitz tarehe 31 Januari, 1944, akiwa na miaka 47.

Kwa miaka zaidi ya sitini jina lake halikutajwa sana, hata katika miji iliyofurahia vikombe vyake. Mwaka 2007 mwandishi Matteo Marani alitoa kitabu juu ya maisha yake, na tangu hapo viwanja vya Italia vimeanza kumkumbuka kwa mabamba ya mawe.

Ni vema kumkumbuka, lakini haitoshi. Waliomwua Weisz ni wachache wakilinganishwa na maelfu waliompigia makofi, nao maelfu hao walinyamaza alipofukuzwa. Udhalimu hauhitaji watu wote wawe wabaya. Huanza kwa sheria iandikwayo juu ya karatasi, nao hukua pale majirani waonapo kwamba hauwahusu. Kijana apendaye kandanda na ajifunze kwa Weisz namna ya kufanya kazi kwa bidii, na kwa waliomzunguka ajifunze hatari ya kunyamaza.