Mgusano wa hatamu

Mgusano wa hatamu ni uhusiano mwepesi na wa kudumu kati ya mkono wa mpandaji na kinywa cha farasi, unaopatikana pale hatamu zinapokuwa zimenyooka bila kukazwa, na farasi mwenyewe, kwa nguvu ya miguu yake ya nyuma, anapoifuata lijamu, yaani chuma kinachokaa kinywani, badala ya kuikimbia au kuilalia. Wajerumani na Wafaransa, ambao ndio walioandika zaidi juu ya ufundi huu, huutaja kwa maneno yenye maana ya kuegemea, na anayeegemea ni farasi. Kiswahili cha siasa kimeifanya hatamu kuwa alama ya mamlaka, hata kushika hatamu kukawa ni kutawala. Katika kupanda farasi, hata hivyo, mwenye kuzishika kwa nia hiyo ndiye anayeukosa mgusano, kwa kuwa mkono hauwezi kuuchukua, unaweza tu kuupokea.

Lijamu hukaa juu ya ulimi na juu ya pengo lisilo na meno lililo kati ya meno ya mbele na magego, mahali ambapo ufizi mwembamba umefunika mfupa wa taya na maumivu huhisiwa upesi. Farasi wengi huota pia jino dogo mbele ya gego la kwanza la juu, ambalo lijamu huweza kuligonga, na magego yao, yanayoendelea kuchomoza kwa miaka mingi huku yakisagana, hufanya ncha kali zinazochana mashavu na ulimi. Kwa sababu hiyo farasi anayekataa mgusano huchunguzwa kwanza na daktari wa mifugo, kinywa, mgongo na miguu, na tandiko lake hukaguliwa kama linamwenea, maana mnyama mwenye kidonda kinywani anapotupa kichwa hafanyi ukaidi wowote.

Ukataaji wenyewe una sura tatu. Farasi anayeilalia lijamu humwachia mpandaji uzito wa kichwa na shingo, akazidisha mzigo wa miguu ya mbele, ambayo hata akiwa amesimama hubeba zaidi ya nusu ya uzito wa mwili. Mwingine huinua pua juu na kuubonyeza mgongo chini ukawa kama bonde, hivyo miguu ya nyuma hubaki nyuma bila kuingia chini ya tumbo. Wa tatu hujificha nyuma ya lijamu: huikunja shingo, huleta kidevu karibu na kifua, hatamu hulegea na mwendo hufifia. Huyu wa tatu ndiye mgumu kuliko wote kumrekebisha, tena ndiye anayesifiwa mara nyingi na watazamaji, kwa kuwa shingo iliyopinda kama upinde humdanganya asiyetazama miguu.

Mfano ulio wazi zaidi wa haja ya kufundisha upya ni farasi wa Thoroughbred aliyestaafu mbio. Farasi wa jamii hii huanza mazoezi kabla hajatimiza miaka 2, na mpandaji wake, aliyefunga vikuku vya tandiko vifupi mno, hukaa juu ya mabega ya farasi bila kumkalia mgongo na bila kuzungusha miguu yake mbavuni. Hatamu hukunjwa zikapishana mikononi na kuegemezwa shingoni, na farasi huzilalia anapokimbia. Huyo basi hajui maana ya mguu wa mpandaji ubavuni, huona uzito wa mtu aliyekaa tandikoni kuwa kitu kigeni, na hatamu zikikazwa huelewa kwamba sasa ndio wakati wa kuongeza mbio. Nchini Marekani, ambako mbio huenda kinyume cha mwendo wa saa, huwa pia amezoea kupinda upande wa kushoto. Vidonda vya tumbo ni vya kawaida miongoni mwa farasi hawa, kwa hiyo wafundishaji wengi huwapa kwanza muda wa mapumziko malishoni na chakula chenye nyasi nyingi. Mengi ya hayo yanawahusu pia farasi wanaotoka katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, kitovu cha mbio za farasi nchini Kenya.

Swali la wapi pa kuanzia, kinywani au miguuni, ni la zamani. Xenophon wa Athens, aliyeandika kitabu cha upandaji katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alikwishapendekeza mkono laini, lakini Federico Grisone, aliyechapisha kitabu chake mjini Naples mwaka 1550, anakumbukwa zaidi kwa lijamu kali na adhabu. Katika karne ya 19 mabishano yalipamba moto. François Baucher, mwalimu wa Kifaransa aliyechapisha mfumo wake mwaka 1842, alilainisha taya na shingo kwanza, hata farasi akiwa amesimama. Louis Seeger wa Berlin alimshambulia kwa kijitabu kizima mwaka 1852, na mwanafunzi wake Gustav Steinbrecht, ambaye kitabu chake kilitolewa baada ya kifo chake mwaka 1885, aliweka kanuni kwamba farasi apelekwe mbele na kunyooshwa, na mengine yatafuata. Kanuni za jeshi la wapanda farasi la Ujerumani za mwaka 1912 zilifuata njia ya Steinbrecht, na hadi leo mafunzo ya Kijerumani huweka mgusano katika ngazi ya tatu, baada ya mapigo sawa ya mwendo na ulegevu wa misuli. Baucher mwenyewe aliishia kutenganisha mkono na mguu, yaani anayetumia mmoja asitumie mwingine kwa wakati huohuo, na katika hilo hata wapinzani wake wangeweza kujifunza kitu.

Kwa farasi anayefundishwa upya, utengano huo una maana kubwa. Farasi hujifunza kwa kuondolewa shinikizo: akibonyezwa ubavuni akaenda mbele, na mguu ukalegea papo hapo, huelewa kwamba amejibu sawasawa, lakini mguu ukiendelea kumbana huku mkono ukimzuia, huwa ameulizwa maswali mawili yanayopingana, na mwisho wake huwa sugu au mwenye hofu. Somo la kwanza kwa hiyo ni kwenda mbele. Mpandaji hugusa ubavu kwa wepesi. Asipojibiwa huongeza mguso au humgusa farasi kwa ufito nyuma ya mguu wake, kisha humwacha aende hata kama ameruka kwa kasi kupita ilivyotakiwa. Kosa la kawaida ni kumvuta hatamu wakati huo, jambo linalomwadhibu kwa kutii.

Mkono nao hujifunza upya. Katika mwendo wa hatua na katika shoti kichwa cha farasi huenda mbele na kurudi, kwa hiyo viwiko vya mpandaji havina budi kufunguka na kukunjika pamoja nacho. Katika matiti, ambapo miguu miwili ya mkingamo hukanyaga kwa pamoja, kichwa hutulia, na mkono hutulia vilevile. Wengi, kwa huruma, humtupia hatamu farasi mwenye kuogopa lijamu, kumbe kinachomtisha ni hatamu inayolegea kisha kukaza ghafla. Mguso mdogo usiokatika humtuliza kuliko uhuru unaokwisha kwa mshtuko. Kazi hufanywa katika mizunguko mipana ya kipenyo cha mita 20, kwa kubadili mwendo na upande mara kwa mara, na mara nyingi hutanguliwa na zoezi la kumzungusha kwa kamba ndefu bila mpandaji, ili apate mizani yake mwenyewe.

Vifaa vya kukunja kichwa kwa nguvu, hasa hatamu za ziada zinazotoka kwenye mshipi wa tandiko na kupita ndani ya pete za lijamu, hutoa sura ya mgusano ndani ya siku moja na huacha farasi aliyejificha nyuma ya lijamu kwa miaka. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, lililoanzishwa mwaka 1921, lilikataza mwaka 2010 kukunja shingo kupita kiasi kwa kutumia nguvu, na kanuni zake hutaka utosi uwe ndio sehemu ya juu kabisa na pua iwe mbele kidogo ya mstari wima.

Kipimo cha mwalimu ni rahisi. Farasi akiwa katika matiti, mpandaji huachia hatamu ziteleze kidogo kidogo mikononi. Aliyekubali mgusano hunyoosha shingo mbele na chini akiitafuta lijamu, mgongo ukiinuka na mapigo ya kwato yakibaki yaleyale. Aliyelazimishwa huinua kichwa, hukimbia, au hubaki amejikunja na hatamu zikining'inia.