Itifaki: Mapatano Kabla ya Mazungumzo

Watu wawili wasiojua lugha moja wakikutana njiani, hawawezi kupashana habari ila kwa ishara. Na hata ishara hazina faida wasipopatana maana yake. Hali ya tarakilishi katika miaka ya 1960 ilikuwa hivyo hivyo. Kila mtambo ulifuata desturi za mtengenezaji wake, wala haukuelewa usemi wa jirani. Wataalamu waliotaka kuiunganisha mitambo hiyo walilazimika kwanza kutafuta maneno.

Neno moja ni pakiti. Huko Marekani, katika maandishi yake ya mwaka 1964, Paul Baran alieleza kuwa yafaa ujumbe mrefu ukatwe mafungu, kila fungu lishike njia yake, kisha yote yaungwe tena mwisho wa safari. Huko Uingereza, Donald Davies wa Maabara ya Taifa ya Fizikia alipata wazo lilo hilo mwaka 1965 pasipo kuijua kazi ya mwenziwe. Davies alitaka neno fupi, tena litakalokaa vyema katika lugha za watu wengine. Alimwuliza mjuzi wa lugha, kisha akachagua neno lenye maana ya kifurushi kidogo. Uteuzi huo haukupotea bure: neno lilipofika kwetu likawa pakiti, na ulimi haukujikwaa.

Neno la pili ni itifaki. Waingereza hutumia neno la asili ya Kiyunani, ambalo zamani lilitaja karatasi iliyobandikwa mwanzo wa hati ya mafunjo. Baadaye likawa neno la mabalozi na taratibu zao. Mwaka 1967 wenzake Davies walilitumia kwa kanuni za mawasiliano ya mitambo. Kiswahili kimetumia neno lililotoka Kiarabu, na maana yake ni mapatano. Tafakari jinsi neno hili linavyofaa! Itifaki ni mapatano juu ya nani aanze kusema, ajibiwe vipi, na lifanyike nini pakiti ikipotea njiani.

Mapatano hayajengwi kwa amri. Mwezi wa Aprili 1969 mwanafunzi mmoja, Steve Crocker, aliandika waraka wa kwanza juu ya taratibu za mtandao wa ARPANET wa Marekani. Hakuuita sheria, aliuita Ombi la Maoni, asije akadhaniwa anajitwalia mamlaka. Kuuliza si ujinga, na nyaraka za jina hilo zimeandikwa kwa maelfu tangu siku ile.

Tarehe 29 Oktoba 1969, mtambo wa Los Angeles ulijaribu kupeleka neno moja la herufi tano kwa mwenziwe wa Stanford. Zilifika herufi mbili tu, L na O, kisha mtambo uliopokea ukazimika. Walakini kasoro ilirekebishwa usiku ule ule. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao huo uliacha itifaki yake ya kwanza ukashika zile ziitwazo TCP/IP, ambazo intaneti huzitumia hata leo.

Basi, msomaji, usizikariri istilahi kama kasuku. Ipasue kila moja uone kiini chake. Na siku utakapotakiwa kukipa kitu kipya jina, fanya kama Davies: mfikirie mtu wa mbali atakayelitamka baada yako.