Daniel Adongo: Mkenya aliyefika NFL bila kupitia chuo

Ninaishi Osiri, Nyatike, kwa kazi, na huku jina Adongo si geni hata kidogo. Lakini Daniel Adongo vijana wengi hawamjui, na sidhani kwetu Pwani anajulikana zaidi. Ndiye Mkenya wa kwanza kucheza NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa helmeti na mpira wenye umbo la yai.

Nafasi yake ilikuwa lainibeka. Kati ya walinzi 11, huyu husimama nyuma ya majitu ya mstari wa mbele. Mchezo ukianza, ana kufumba na kufumbua tu kuamua: amwangushe anayekimbia na mpira, amvamie kotabaki kabla hajarusha, au arudi nyuma azuie pasi. Akisoma vibaya, wapinzani wamepita. Ndiyo maana Wamarekani hufundishwa kazi hii tangu shule ya upili, kisha chuoni. NFL yenyewe haimchukui mchezaji kabla ya miaka 3 kupita tangu amalize upili.

Adongo hakupitia huko. Alikuwa mtu wa raga, aliyecheza New Zealand na Afrika Kusini. Julai 2013 Indianapolis Colts wakamsajili, naye hajawahi kucheza mechi hata moja ya futiboli. Walichoona ni mwili wa futi 6 na inchi 5 wenye mbio. Akawekwa kikosi cha mazoezi, na Desemba mwaka huohuo akaingia uwanjani dhidi ya Cincinnati Bengals. Alitumika zaidi katika timu maalumu, zile za kupiga na kupokea mateke. Mechi zake zilikuwa chache, na 2015 Colts wakaachana naye. Wapo wanaosema alishindwa. Mimi nauliza ni nani angejifunza kwa miezi mitano kazi ambayo wenzake wameisomea miaka minane.

Rees Odhiambo, mzaliwa wa Nairobi, alipita njia ya kawaida. Alikulia Marekani, akachezea chuo cha Boise State kama mlinzi wa kotabaki, na 2016 Seattle Seahawks wakamchagua katika raundi ya tatu.

Nayasema haya kwa sababu mzazi mmoja hapa aliniuliza kama auze ng'ombe amlipe wakala aliyemwahidi mwanawe udhamini wa futiboli Marekani. Nilimwambia asiuze. Udhamini hutolewa na chuo chenyewe, kwa barua ya chuo, na kocha lazima awe amemwona kijana akicheza, japo kwa video. Tena vyuo vya daraja la tatu la NCAA havitoi udhamini wa michezo kabisa. Ukiahidiwa huko, jua unadanganywa. Kwa aliyeanzia raga kama Adongo, NFL ina mpango wake wa wachezaji wa kimataifa tangu 2017, na ni ligi inayochagua wa kuingia.